Hodi ya Kinu

Laiti ningekataa. Mwanangu aliponiomba nimwambie mshauri nasaha kwamba analala vizuri, ningesema hapana na kuvumilia hasira zake. Sikukataa. Ndiyo maana leo nimeketi Maneromango, nje ya nyumba ya marehemu bibi yangu, namsubiri mwanangu afungue mlango. Nimekalia kinu kilichopasuka. Bibi angeniona angenikemea, maana kinu hakikaliwi.

Nililelewa hapa, baba yangu akifanya kazi mjini. Nikikumbuka utoto wangu, ndugu yangu, kwanza nasikia mchi, kisha nanusa kisamvu kikichemka kwa tui la nazi. Mashine ya kusaga haikuwapo. Muhogo ulianikwa, ukakauka, ukatwangwa, ukachekechwa, na vumbi lake jeupe likatukaa kwenye nyusi mpaka tukafanana na wazee.

Baba mdogo aliporudi kutoka vita vya Uganda, kinu kilinyamaza. Siku ya kwanza bibi aliposhusha mchi, baba mdogo aliruka dirishani akalala kifudifudi migombani, mikono kichwani. Majirani walikuja kutazama, wengine wakacheka. Bibi hakucheka wala hakulia. Alimfuata, akakaa chini kando yake na ungo wake, akawa anamenya muhogo palepale hadi mwanawe aliponyanyuka mwenyewe.

Kesho yake akatupa amri sisi watoto. "Sauti nayo ni mgeni," alisema. "Na mgeni hupiga hodi."

Tangu hapo, hakuna aliyetwanga, kupasua kuni wala kuangua nazi kabla ya kuita, "Hodi, kinu!" au "Hodi, nazi!" Halafu tulisubiri. Mpaka baba mdogo aitikie "Karibu" kutoka chumbani kwake, mchi haukushuka. Siku nyingine alichelewa kuitikia mpaka jua likapinduka, sisi tukashindia fenesi. Tuliponung'unika, bibi alisema njaa ya kusubiri haijaua mtu. Korosho ndizo zilizotushinda, kwa kuwa zikichomwa hupasuka zinapotaka zenyewe. Hizo tulizichomea mbali, kule kisimani, tukarudi nyumbani macho mekundu kwa moshi.

Ikabaki kengele ya misheni. Sisi ni Wazaramo, Waislamu, na mpiga kengele alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu. Bibi alijifunga khanga, akanishika mkono, tukaenda.

"Mtani, kengele yako haina adabu. Inaingia kwangu bila hodi."

"Ee, Wazaramo! Sasa mnakimbia hata kengele? Huko vitani mlipiganaje?"

"Mwanangu alipigana. Wewe ulikuwa hapa unavuta kamba."

Yule mzee alikuna kichwa. Utani ulikuwa umemwishia. "Basi, mama, nitaigonga kwanza kidogo kwa kijiti. Akisikia hiyo, ajue mkubwa wake yuko nyuma."

Na ndivyo alivyofanya mpaka alipozeeka.

Baba mdogo hakupona kama mtu anavyopona homa. Lakini "karibu" yake ilianza kuja mapema, na siku moja tulipoita hodi ya kinu akajibu, "Karibu, ila kiti hakuna!" Bibi alicheka hadi mchi ukamponyoka, ukaanguka kwa kishindo. Sote tuligeuka kutazama dirisha. Hakuruka.

Haya yote niliyajua.

Mwanangu naye akawa mwanajeshi. Alipelekwa nje ya nchi kulinda amani, akarudi kwangu Misugusugu walikokuwa mkewe na mtoto wao mdogo. Jirani yetu ni fundi wa mageti. Chuma kikigongwa, mwanangu alijikuta chini ya meza. Kitandani hakulala, alikaa sebuleni amevaa viatu. Sikwenda kumwomba fundi apige hodi. Niliona haya, mimi niliyesoma sekondari, kumweleza mtu habari za kinu.

Jeshi lilimpatia mshauri nasaha mjini Kibaha, binti mpole. Baada ya vikao kadhaa, binti akataka kuzungumza na mtu anayeishi naye. Mwanangu aliniomba tukiwa njiani.

"Baba, wakiandika kichwa changu kibovu, basi tena. Kazi sina, na wenzangu wataniita chizi. Mwambie nakoroma kama trekta."

"Na ukweli je?"

"Ukweli nitaumaliza mwenyewe."

Yule binti aliniamkia, akanipa kiti. "Mzee, nakuuliza wewe kwa sababu wanajeshi wenyewe huficha. Analala?"

"Anakoroma kama trekta," nikasema.

Alicheka, nami nikacheka. Akamwambia mwanangu vikao vinaweza kupungua, arudi wakati wowote akiona haja. Hakurudi.

Haukupita muda mrefu. Mjukuu wangu alikuwa akicheza nyuma ya baba yake, akabamiza mfuniko wa sufuria sakafuni. Mwanangu aligeuka, akamnyakua, akamrusha ukutani. Hakuwa amemwona mtoto. Aliona kitu kingine. Mkono wa mtoto ulivunjika. Mkwe wangu alifunga mizigo akarudi kwao Morogoro. Mwanangu aliacha kazi, akaja kuishi huku, akachagua chumba kilekile cha baba mdogo. Sikuwahi kumwambia kilikuwa cha nani.

Huku sasa kumetulia. Unga husagwa kwa mashine barabarani. Kengele hupigwa na kijana asiyejua habari ya kijiti. Watoto tulioita hodi tumetawanyika, wengine wamekufa. Natazama migomba, natazama dirisha, wala silii. Nilidhani ningelia.

Nimemletea unga na korosho. Nilipoita hodi alijibu, "Weka hapo mlangoni, mzee." Zamani aliniita baba.

Nimeita tena. Kimya.

Nilisema uongo ili mwanangu asipoteze kazi. Kazi imekwenda. Mkono wa mtoto umepona, lakini akitajiwa baba yake hujificha nyuma ya mama yake. Nami nimempoteza mwanangu angali hai. Yuko nyuma ya mlango huu ninaoujua tangu utoto, na tangu aje huku hajaniitikia "karibu" hata mara moja.