Makombo Si Mabaki

Nyumbani kwetu Bongwe chakula hakikutupwa, na sitaki mtu anieleze leo kwamba ule ulikuwa ufukara. Wali uliolala uliamshwa asubuhi kwa tui jepesi. Samaki aliyebaki alichambuliwa miba, akapondwa kwa pilipili na ndimu, akawa kitoweo cha muhogo. Ukoko tuliugombania. Hayo yalikuwa mabaki, chakula safi kilichotoka chunguni kikangoja siku ya pili. Makombo ni kitu kingine. Makombo ni kile alichokula mtu mwingine akashiba, akakuachia kikiwa na alama za vidole vyake. Mama yangu aliijua tofauti hiyo vizuri, na bado kwa miaka mingi alikula makombo.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, kuanzia Bongwe hadi Ukunda na wakati mwingine mpaka Diani, yeye ndiye aliyeitwa kusimamia vyungu. Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimerudi kwake kutoka Msambweni. Mume alikuwa ameniacha, eda ilikuwa imekwisha, nami nikawa nafanya kazi naye. Kila tulikokwenda desturi ilikuwa moja. Wanaume walipakuliwa kwanza, masinia yakifurika nyama. Yaliporudi uani, ndipo wanawake waliokuna nazi tangu alfajiri walipokaa kula kilichosalia. Nacho kilikuwa kingi, kwa kuwa hakuna aliyepima kitu. Kisicholika kiliwaendea mbwa au kikafukiwa nyuma ya nyumba.

Katika harusi moja tuliletewa sinia lenye tambuu iliyotafunwa, imetemwa katikati ya wali. Mama aliichota kwa kidole pamoja na wali mwekundu ulioizunguka, akaitupa, akaendelea kula. Mimi niliondoa mkono.

"Kula, mwanangu. Mchana umekwenda."

"Mama, chakula hiki umekipika wewe."

"Najua nimekipika mimi."

"Basi kwa nini unakila baada ya mate ya mtu?"

Alitafuna polepole, macho yakiwa kwenye sinia, na nilijua nimemwumiza. Nilirudi nyumbani na njaa yangu, nikaapa kwamba sitakula tena kwenye sinia lililorudi.

Harusi iliyofuata ilikuwa ya kwetu wenyewe. Ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu baba, alikuwa akimwoza mwanawe, na wageni walitazamiwa hata kutoka Funzi. Katika ukoo wetu neno la ami halikurudishwa. Asubuhi na mapema nilikwenda Ukunda, nikamwomba mwenye duka mizani ya zamani aliyokuwa ameiweka ghalani, ile ya sahani mbili, pamoja na mawe yake.

"Unafungua duka?" aliniuliza.

"Nagawa nyama."

Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya, lakini akanipa.

Nilipofika kwa ami, ng'ombe alikuwa ameshakatwakatwa. Niliitundika mizani kwenye boriti ya banda la kupikia, nikaanza. Sinia moja lilikuwa la watu watano. Kwa kila sinia nilitenga ratili mbili za nyama, liwe la wanaume au la wanawake. Mchele niliupima kwa pishi vivyo hivyo. Kila upande nikautengea vyungu vyake, kusiwe na mchanganyiko. Wanawake wengine walicheka. Shangazi mmoja alisema naileta nuksi katika nyumba ya harusi. Mama alisimama na mwiko mkononi, hakunizuia wala hakunisaidia.

Nyama ilipokuwa imeanza kuchemka, ami alitokea uani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nini hicho? Umelihamishia duka jikoni kwangu?"

"Ni mizani, ami. Duka limebaki Ukunda."

Waliokuwa wakikuna nazi waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka.

"Na vyungu vile vya pembeni ni vya nani?"

"Vya wanawake."

"Wanawake watakula masinia yakirudi, kama walivyokula mama zao."

"Leo masinia hayatarudi na kitu. Nimepima kinachomtosha mtu."

"Changanya nyama yote pamoja," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Sasa hivi."

Sikusogea. Ndipo mama alipopiga hatua mbele, akaulaza mwiko wake juu ya mdomo wa chungu kikubwa.

"Shemeji," alisema, "nyama imeshapimwa na imeshaingia motoni. Ukitaka ichanganywe, mwiko huu hapa. Changanya mwenyewe."

Ami aliutazama mwiko, kisha akawatazama wanawake wote wale waliosimamisha kazi. Barazani wageni walikuwa wameanza kupokelewa. Alikohoa, akageuka, akatoka.

Siku hiyo tulikula wakati mmoja na wanaume, chakula kikiwa moto. Shangazi wa nuksi alikula kuliko sote. Masinia ya barazani yalirudi matupu, na baadhi ya wageni wakaagiza nyongeza. Mama aliwapelekea ukoko uliorowekwa kwa tui na sukari. Waliula, na mmoja akatuma kuuliza kama upo mwingine. Wali uliosalia kwenye vyungu vyetu tuliutandaza kwenye nyungo upoe usichache, mchuzi tukauchemsha tena, na supu ya mifupa tukampelekea jirani aliyekuwa mzazi wa siku chache. Hapakufukiwa kitu.

Ami hakutusemesha baada ya hapo. Harusi mbili zilipita mama hakuitwa, na nyumba moja ya Diani ilituma neno kwamba haimtaki mpishi wa mizani. Niliogopa kwamba nimemkatia mama riziki.

"Unajuta, mama?" nilimwuliza siku moja, amekaa barazani mikono mitupu.

"Najutia wali nilioula na mate ya watu," alisema. "Hayo mengine sijutii."

Waliotufungulia njia tena si wenye harusi, ni wanawake. Walipoitwa kusaidia shughuli walianza kuuliza kwanza, vyungu vyetu ni vipi? Wakiambiwa wangoje masinia, walijifunga leso zao wakarudi makwao, nazi zikabaki hazijakunwa. Si kila mahali. Ziko nyumba ambazo hazikubadilika hata kidogo. Lakini Bongwe vyungu vilitengwa, na ami alipokuja kumwoza binti yake, alimtuma mkewe kuja kutuita. Yeye mwenyewe hakusema neno, nasi hatukumdai.

Baadaye alikuja mtu kuniposa, mtu mzima wa heshima, mwenye shamba la minazi. Walituacha tuzungumze kidogo, mama akiwa mlangoni. Nilimwuliza jambo moja tu: kwenu wanawake hula wakati gani? Alicheka. Alipoona sicheki, alisema itabidi akamwulize mama yake.

Nikamwambia akamwulize, na asijisumbue kurudi na jibu.