Mzee Amepumzika

Mimi siamini watu upesi. Mama yangu ameuza vitambaa sokoni Mbale tangu kabla sijazaliwa, na alinilea akinionya kwamba mteja anayesifu sana kitambaa hanunui. Somo hilo nimekwenda nalo mpaka kazini. Mimi ni muuguzi katika ICU ya hospitali moja hapa Jinja, Uganda, chumba cha wagonjwa mahututi chenye vitanda sita na wauguzi wawili kwa zamu, siku tukibahatika.

Kwa hiyo inchaji wetu, yaani sista msimamizi wa chumba, alipopachika sanduku la mbao kwenye ukuta wa chumba cha chai, nilijua kuna namna. Kando ya sanduku aliweka karatasi zenye nyuso tatu: wa kucheka, wa kununa na wa kulia. Alisema ofisi inataka kujua hali ya wauguzi, kwa hiyo kila mtu akianza zamu aweke alama kwenye uso unaofanana naye, atie karatasi sandukuni, jina asiandike. Jina la nini? Kalamu ilikuwa moja, imefungwa kwa uzi, na inchaji alizijua alama zetu kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Niliweka alama kwenye uso wa kucheka kila siku. Niliweka hata siku ile niliyokuwa nimetoka chooni kulia. Wenzangu nao walifanya vivyo hivyo, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana amechoka.

Na wenzangu wenyewe hawakuniamini sana. Nyumbani kwetu Mbale sisi ni Waislamu, Kiswahili tumekinyonya. Hapa Jinja wengi kazini ni Wasoga, na kwao Kiswahili ni lugha ya bunduki; wazazi wao walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, wakiulizwa wanakwenda wapi. Nikikisema na jamaa wa mgonjwa, chumba kizima kinanyamaza, kama kwamba napanga njama. Lakini akitokea mwanajeshi au askari kutoka kaskazini, ni mimi ninayesukumwa mbele.

Ndivyo nilivyosukumwa kwa afande. Alikuwa sajini, dereva kule kambi ya jeshi ya Kimaka, mtu mrefu wa maneno machache. Baba yake alikuwa askari magereza mstaafu aliyekuwa akilima mahindi Buwenge. Mzee alijikata mguu kwa jembe, akapaka majivu, akaendelea kulima. Baada ya wiki moja taya likakaza. Ilikuwa pepopunda.

Mgonjwa wa pepopunda anauguzwa kimyakimya. Mlango ukibamizwa tu, au kijiko kikianguka, mwili wake wote unakakamaa na mgongo unajipinda. Kwa hiyo tulimweka pembeni, tukafunga pazia la nje, tukampa dawa za kumlaza, na mashine ikawa inampumulia kupitia mrija shingoni. Hata kengele ya mashine yake tuliipunguza sauti, ikawa ya kusikiwa na aliye karibu tu. Ndio maana kila mara alitakiwa awepo aliye karibu.

Siku ya kwanza afande alinikuta mlangoni. "Sista, mzee yangu iko namna gani?"

Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha nyumbani, tena kwa majivuno kidogo. "Tumempumzisha, afande. Sasa mzee amepumzika."

Akavua kofia. Akaegemea ukuta, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwili tunaweza chukua lini?"

Hapo ndipo nilipong'amua nilichosema. Kwao, kanisani na kwenye maziko ya askari, mtu akifa ndiye husemwa amepumzika. Maana hiyo hata mimi naijua, ila siku hiyo haikunijia kichwani. Nikamshika mkono, jambo ambalo silifanyi, nikamwambia mzee yuko hai, amelala kwa dawa tu.

"Wewe umesema mmempumzisha."

"Kupumzika si kufa, afande. Mwili wake umefanya kazi kupita kiasi, tumeupa likizo. Atarudi."

Alinitazama kama mtu anayekagua kitambulisho. Kisha akatoa mfukoni daftari dogo la jalada la kijani, akaandika kitu, akalifunga. Tangu siku hiyo, kila alipotoka zamu Kimaka, alikuja kukaa kwenye benchi mbele ya dirisha letu la kioo, daftari gotini.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alikuwa ameumwa na neno langu, na mimi nikaumwa na daftari lake. Nikiingia, anatazama saa na kuandika. Nikibadilisha dawa, anaandika. Nikaanza kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikaanza kusimama mgongo wangu uzibe trei. Mwenzangu mmoja, Msoga, akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Huyo anaandika makosa yako. Atapereka kwa wakubwa." Halafu mara mbili nikamwona inchaji amesimama naye kwenye korido, afande akionyesha kwa vidole, inchaji akitikisa kichwa. Nikajiambia, basi ni wamoja.

Sikumchukia. Nilimwogopa, na nasema hivyo bila aibu.

Wiki ya pili, asubuhi moja, nilikuwa nimemaliza zamu ya usiku na wa kunipokea hakuja. Alikuwa na msiba. Inchaji akaniomba nisogeze zamu mpaka saa sita mchana atafute mtu. Nikasema sawa. Nikaenda kwenye sanduku, nikaweka alama kwenye uso wa kucheka, nikarudi ndani.

Saa tano na kitu, nikiwa peke yangu chumbani, nilikaa kwenye kigoda kando ya mzee. Niliandika presha yake. Niliweka mkono kwenye chuma cha kitanda. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka niliposikia tik, tik, tik. Nikafumbua macho, taa nyekundu inawaka kwenye mashine na namba ya oksijeni inashuka. Midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi. Makohozi yalikuwa yameziba mrija. Nikauchomoa ule mdogo unaokaa ndani yake, nikanyonya makohozi, nikatia mwingine, nikamwongezea oksijeni. Namba ikasita, ikaanza kupanda. Mikono yangu ilifanya yote hayo kabla kichwa hakijafika.

Nilipogeuka, afande alikuwa amesimama dirishani. Daftari lilikuwa wazi, naye anaandika.

Kwenye faili la mgonjwa niliandika: mrija uliziba, umesafishwa, hali imerudi. Kila neno lilikuwa kweli. Lililobaki, kwamba nililala, nililiacha. Muuguzi anayelala kando ya mashine ananyang'anywa leseni, na mimi sina ujuzi mwingine duniani.

Siku mbili nilizunguka na jambo hilo kama nimeficha kisu nguoni. Afande hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye hasira hupiga kelele. Huyu alinisalimia, "Sista, pole na kazi," akaketi.

Siku ya tatu inchaji aliniita ofisini. Nilipofungua mlango nilimkuta afande kwenye kiti, na lile daftari. Moyo ukasema, haya.

Inchaji alikuwa amesoma kumbukumbu za mashine. Alisema kengele ililia dakika tatu kabla ya mtu kugusa kitu. Alitaka kujua mtu huyo alikuwa wapi. Alijua afande alikuwa dirishani, lakini afande Kisoga hajui, Kiganda hajui, na Kiingereza chake ni cha barabarani. Inchaji naye Kiswahili anakisikia nusunusu. Akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye lugha. Asome, wewe utafsiri."

Niliona huo ni mtego safi. Mshtakiwa awe mkalimani wa shahidi wake.

Afande akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma polepole. "Saa tano na dakika kumi. Sista ya kitambaa kwa kichwa anapumzika. Amesimama tangu jana jioni. Hajakula. Taa nyekundu kwa mashine. Nikagonga kioo na kucha. Polepole, juu ya mzee hataki kelele. Sista amefanya kazi. Mzee iko sawa."

Ile tik, tik, tik haikuwa kengele.

"Anapumzika," inchaji akasema. Neno hilo alikuwa amelidaka. "Hapo amesema nini hasa?"

Afande alinitazama. "Mwambie vile ulinifundisha, sista. Kwetu mtu akilala kwa lindo, tunamfunga. Mimi sikuandika kulala."

Alikuwa amenifungulia mlango. Neno lilikuwa langu mwenyewe, nilimpa mimi, naye alilitunza daftarini mpaka siku nitakapolihitaji. Ningelitafsiri tu lilivyo, kwamba muuguzi alikuwa akipumzika kidogo, na hakuna ambaye angenishtaki. Lakini mtu huyu alikuwa amesimama nje ya kioo akimwangalia baba yake anakosa hewa, asithubutu kugonga kwa nguvu, na bado akachagua neno la kunisitiri. Nikaona haya.

Nikamwambia inchaji kwa Kiganda, "Amesema nilikuwa nimelala."

Inchaji aliinama. Alivuta droo, akatoa bunda la karatasi zenye nyuso, akalisukuma mbele yangu. Zote zilikuwa zinacheka. "Nimeandika mara mbili kuomba wauguzi," akasema. "Ofisi imenijibu kwamba kwa mujibu wa karatasi hizi wauguzi wangu wana raha." Akanipa karatasi mpya na kalamu. "Weka ya leo."

Nikaweka alama kwenye uso wa kulia. Nilikuwa nalia kweli, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu. Kumbe sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukijinyima mikono ya msaada, kwa kuogopa alama za kalamu.

"Alikuwa ananiambia kila mara hujala," inchaji akasema, akimwonyesha afande kwa kidevu. "Kwa vidole, kule korido. Nikadhani ananilalamikia." Kisha akaniambia niende nyumbani Mbale siku tano, nikapumzike. Jambo langu lazima lifike kwa wakubwa, na atakachoambiwa atanijulisha.

Nikapumzike. Msomaji anajua serikali na kampuni zinavyolitumia neno hilo zikitaka kukufukuza kwa adabu. Nilipokuwa nikitoka, afande aliniomba namba ya simu, akaiandika daftarini. Nilimpa huku nikijiuliza ya nini.

Mama alinipokea mlangoni, akautazama mfuko wangu. "Umepumzishwa?"

"Sijui, mama."

Nikamweleza yote, pamoja na zile nyuso. Alikuwa anamenya ndizi alizoletewa kutoka Busiu, wala hakuinua kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Wewe umesomea maradhi, na hilo hukulijua?" Siku tatu nililala kitandani nimefumba macho, bila usingizi. Kila simu ya jirani ilipolia nilijua ni barua yangu ya kufukuzwa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, ikalia yangu. Sauti ilikuwa ya afande.

"Sista. Mzee amepumzika."

Nikaketi. Mama akaacha alichokuwa akifanya, akanitazama.

"Afande," nikasema, "kwa maana yako au yangu?"

Akaguna. Nadhani alikuwa anacheka, ingawa sijawahi kumwona akicheka. "Yako, sista. Mashine wametoa jana. Na inchaji anasema Jumatatu uje, sista mwenzako amenitafsiria. Wakubwa wamekupa barua ya onyo, lakini kazi iko. Sasa mko watatu kwa zamu."

Sikumwamini. Mtu anaweza kusema lolote kwenye simu ili kumfurahisha muuguzi aliye mbali. Nikamwambia amwombe inchaji ruhusa, aingie ndani bila viatu, asitoe neno, aiweke simu karibu na mrija wa shingoni mwa mzee. Nikasikia inchaji akisema kitu, nikasikia mlango ukifunguliwa polepole. Kisha nikasikia pumzi. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, haikuwa na mvumo wa mashine nyuma yake. Nikatazama saa ya ukutani nikahesabu dakika nzima, kama tulivyofundishwa. Pumzi zilikuwa kumi na nane.

Nikamshukuru, nikakata simu, nikajilaza. Mama alifunga dirisha la upande wa barabara. Nililala mpaka alasiri, wala hakuniamsha.