Presha ya Mama na Salamu za Mlimani

Daktari wa mjini Morogoro hakuzungusha maneno. "Mama, presha ya leo peke yake haitoshi. Kapime nyumbani asubuhi na jioni wiki nzima, muandike, mniletee. Ikibaki juu hivi, itabidi ukae mjini karibu nasi." Mama akanitazama. Shamba lake la migomba na mdalasini liko mlimani juu ya Mkuyuni, na kwake kukaa mjini ni kifungo.

Nilinunua mashine, nikachukua likizo, nikapanda naye. Nikishika kitu kipya napata kiherehere cha mtoto siku ya Idi. Nilimkalisha kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, sweta pembeni. Siku ya kwanza, mia hamsini na nane. Ya pili, mia sitini. Nikaanza kuigombeza mashine.

Siku ya tatu ndipo masikio yangu yakazibuka. Mashine inabana mkono, jirani anapita na kikapu: "Shikamoo mama." Na mama yangu huyo: "Marahaba, mmeamkaje? Watoto? Mguu wa mzee? Yule mbuzi kazaa?" Kwetu salamu haikatwi. Ukiikata, kufika jioni mlima mzima unajua una kiburi.

"Mama, daktari alisema usiongee wakati wa kupima, kunaipandisha."

"Kwa hiyo nimnunie mtu? Presha nitaishi nayo. Majirani wakinisusa, nitazikwa na nani?"

Nilikasirika kwelikweli, nikatoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Kesho yake alfajiri nilikuwa bado nimenuna. Mama huswali kitini kwa sababu ya goti, na akimaliza hubaki palepale na tasbihi yake. Jirani akachungulia mlangoni, akaiona tasbihi, akaketi barazani kimya. Hakuna anayemsalimia mtu aliye kwenye uradi. Moyo ukanilipuka kwa furaha.

"Mama, leo ukimaliza uradi usiinuke. Tasbihi ibaki mkononi."

"Unataka nimdanganye jirani kwa tasbihi?" Akafikiri kidogo. "Basi nitaendelea kumtaja Mungu moyoni. Huo si uongo."

Nikasubiri dakika tano, mimi nisiye na subira. Mia thelathini na nne. Baada ya dakika moja nikarudia: mia thelathini na mbili. Nilicheza mle chumbani mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Tukaianza wiki upya, jioni tukipima baada ya swala ya magharibi. Tukashuka mjini. Daktari alisoma daftari lote, akasema aendelee na vidonge vyake vya siku zote na arudi kwake mlimani.

Sikuwahi kumwambia mama kwamba kwangu mjini nilishampakia chumba rangi, na godoro bado liko kwenye nailoni. Nilitamani aje. Lakini tuliposhuka kwenye gari Mkuyuni na kuanza kupanda, jirani wa kwanza akatoa shikamoo, na mama akatua mzigo wake njiani. Akauliza watoto, mguu wa mzee, mbuzi. Nikasimama pembeni na mashine kwapani, nikamwacha amalize.