Fundo la Kamba ya Uani

Jumanne iliyopita mwanangu alimleta fundi kunifungia chuma cha kushikia chooni. Alikuwa ameshaondoa mikeka yote sebuleni, kigoda changu amekipeleka stoo, na ameninunulia ndara za mpira zenye meno chini. Sikubishana naye. Nimechoka, na miguu yangu imechoka kuliko mimi. Mwezi uliopita nilianguka mlangoni nikakaa chini muda mrefu nikijisemesha peke yangu. Lakini fundi alipouliza, "Bibi, tukifunge urefu gani?" niliweka mkono kiunoni kupima. Nilikuwa nimeshafika Bagamoyo, uani kwa bibi yangu, nina miaka tisa.

Hizo ni siku za Mwingereza. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe na udongo, imeezekwa makuti, na maisha yetu hasa yalikuwa uani. Jiko upande huu, choo upande ule, na kati yake mfereji wa mawe uliotoa nje maji ya kuogea na ya kuoshea samaki. Haukuwa na kina cha kutisha, na mtu mwenye macho aliuvuka bila hata kuufikiria. Bibi hakuwa na macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, akawa anatutambua kwa mwendo wetu.

Basi nyumba nzima ilipangwa kwa ajili ya miguu yake. Mbuzi ikishakuna nazi inaingizwa uvunguni, mkeka ukishaliwa juu yake unakunjwa papo hapo, na ole wake atakayeacha ndoo njiani. Kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kusugua mawe ya uani kwa kumbi la nazi, mchanga na majivu mpaka ule utelezi wa kijani utoke. Mama alisimama nyuma yangu akisema, "Sugua kama unasugua meno yako." Niliichukia kazi ile, sikufichi.

Kamba aliileta jirani. Alikuwa mama mnene, mcheshi, msokotaji wa kamba za makumbi, na mikono yake ilinuka matope ya ufukweni alikoyafukia makumbi yake yaoze. Alivuta kamba nene kutoka nguzo ya jiko mpaka nguzo ya choo, usawa wa kiuno cha bibi. Akapiga fundo moja tu, kubwa kama limau, juu ya ule mfereji, ambao ulikuwa karibu zaidi na choo.

"Ukilishika hili, mama, nyanyua mguu."

Bibi akanuna. "Kwani mimi ng'ombe, nifungiwe kamba?"

"Ng'ombe angeshaniambia ahsante," jirani akajibu, na bibi akashindwa kuzuia kicheko.

Siku ya tatu tulimwona akienda chooni peke yake, mkono kwenye kamba, bila kuita mtu. Kama umewahi kumwona mtu mzima akingoja mtoto wa kumpeleka haja, utaelewa alivyotembea siku ile. Aliporudi alijifunga kanga upya, akaagiza kahawa kwa sauti ya mwenye nyumba.

Ikaja Idi. Nyumba ilinuka iliki na samli, mama akikaanga visheti, na sisi watoto wa mtaa tulitaka pembea. Kamba zote za jirani zilikuwa zimeshanunuliwa. Bibi alikuwa amejinyoosha chumbani, mama yuko kwenye karai lake, nami nikaifungua ile ya uani. Tulibembea kwenye mti wa mkungu nyuma ya nyumba mpaka tukatosheka. Nikairudisha kabla bibi hajaamka, nikaifunga kwa nguvu zangu zote, nikaivuta mara mbili kuona kama imekaza. Nilijisifu kabisa. Sikuangalia ncha ipi ilikuwa ya jiko na ipi ilikuwa ya choo.

Alasiri bibi akatoka kwenda kutawadha. Nilikuwa mlangoni mwa jiko na kisheti mdomoni. Nikaona mkono wake umelikuta fundo hatua mbili tatu tu kutoka jikoni. Akanyanyua mguu juu ya mawe matupu, akaushusha, akasita kidogo, kisha akaendelea kwa hatua ndefu za mtu aliyekwisha kuvuka. Nilipomeza nikamwita, alikuwa ameshafika chini, mferejini.

Ilikuwa nyonga. Mzee wa kuunga mifupa alikuja na vijiti na mafuta yake, akafanya alichoweza, lakini bibi hakusimama tena. Mama alipomuuliza imekuwaje, alisema, "Haraka yangu tu. Si unajua leo Idi." Jirani alikuja kumjulia hali. Alipopita uani aliigusa kamba, akanitazama. Kisha akaifungua, akaigeuza, akaifunga tena, ingawa hapakuwa na wa kuitumia.

Siku moja nilikuwa namnywesha uji, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni wewe uliyeifunga?"

"Ndiyo, bibi."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Ulikaza vizuri. Niliiangukia kwa uzito wangu wote, haikufunguka."

Heri angenichapa. Aliswali kwa kulala mpaka alipotutoka, na Ramadhani nyingine haikumkuta. Sikumwomba radhi, kila siku niliona kesho ipo.

Ua ule haupo tena. Mfereji umefukiwa, mkungu umekatwa, na sijui kama kuna anayefukia makumbi pale ufukweni, maana kamba siku hizi ni za nailoni. Waliojua kamba ile iligeuzwa walikuwa watatu, nimebaki mimi.

Fundi alimaliza, akapangusa vumbi. "Shika, bibi, uvute." Nikavuta. Hakikutikisika. Nikamuuliza mbele yake ni wapi, akacheka, akasema hakina mbele wala nyuma, nishike popote.

"Umekaza vizuri, baba," nikamwambia, nikiwa bado nimekishika. Mwanangu alidhani nimefurahi.