Nilivyojifunza Kihungari cha kuelezea watu wenye furaha, nikaanza na mama yangu

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi nipo kidato cha tatu, natokea Nyakahura huku Biharamulo. Huwa nasoma nyuzi zenu kimyakimya, sijawahi kuandika hata comment. Hiki ninachoandika nilikiona kwa macho yangu, na ningekuwa muongo ningetunga cha kunipa sifa zaidi.

Twende taratibu.

Kaka yangu Joas anasoma chuo Hungary. Amepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, anaitwa Ilona. Kule mama wa umri huo unamwita Ilona néni, yaani kama sisi tunavyosema shangazi au mama mdogo hata kama si ndugu yako.

Mwaka jana Joas aliugua kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji. Sisi huku hatuna la kufanya, tunasali tu. Yule mama ndiye aliyekuwa anampelekea supu hospitali, anamfulia, anakaa kando ya kitanda chake kama amemzaa.

Alipopona, mama akasema mtu wa hivyo hashukuriwi kwa simu. Akanunua kitenge kizuri, akafunga na kahawa ya hapa jirani, Ngara, mzigo ukaondoka na mwanafunzi aliyekuwa anasafiri. Ndani tukaweka na picha ya familia ili atujue.

Sasa wakuu, tatizo lilikuwa picha.

Kwetu mtu hachekicheki kwenye picha. Unasimama wima, mikono chini, unamwangalia mpiga picha kama unamdai maelezo. Nilivyotaka kutabasamu bibi alinifinya. "Picha inakwenda kwa mtu wa heshima, wewe unatoa meno?"

Basi tukatoka wote tumenuna vizuri kabisa. Baba kavaa koti, mama kavaa gauni la kanisani, bibi kakaa kwenye kiti. Sisi tuliona imependeza.

Baada ya mzigo kufika, Joas akatuma voice note. Ilona néni alifungua kitenge, akafurahi, halafu akaiona picha. Akaiangalia muda mrefu. Akakikunja kitenge, akakirudisha kwenye mfuko. Akasema hawezi kupokea zawadi kutoka kwa watu wenye huzuni namna ile, huenda wanajinyima, huenda wanataka mtoto wao arudi.

Joas alimweleza, akaeleza tena. Jibu likawa, "Wewe ni mtoto mwema, ungeniambia nini kingine?"

Mama alikuwa anachambua maharage. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo amekataa."

Baba akamwambia hajakataa, hajaelewa tu.

"Zawadi ikirudi kwenye mfuko imekataliwa," mama akasema, akaendelea kuchambua. Nilimwonea huruma sana.

Hapa niwaeleze kitu kuhusu mimi. Nina aibu mbaya. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Mambo yangu huwa naandika tu. Lakini nilikuwa nimeanza kujifunza Kihungari kwa app, na Joas ananisahihisha kwa voice note. Nilikuwa kwenye somo la kuelezea watu wenye furaha. Boldog ni mwenye furaha. Mosolyog, anatabasamu. Nevet, anacheka. Énekel, anaimba.

Kwa sababu ya aibu nilikuwa nafanyia mazoezi kwa ng'ombe wa baba. Pia sokoni pale barabarani namwangalia muuza ndizi anavyocheka na wateja, nasema moyoni, nevet, boldog. Lugha yao haina he na she, wote ni mmoja kama "yeye" wetu. Hapo nikaipenda.

Mama akaniita. "Wewe unayewafanya ng'ombe Wazungu, utaongea na huyo mama."

Nikamwambia sijui kitu, najua maneno ya furaha tu.

Baba akasema, "Na sisi tunataka hayohayo. Hatujakutuma hotuba."

Jumapili baada ya misa tukaweka bando, tukakaa nje penye mtandao. Video call ikaingia. Joas yupo pembeni, alipofungua tu mdomo Ilona néni akamwonyesha kwa kidole anyamaze. Alitaka kusikia kutoka nyumbani.

Nikaanza na "Csókolom". Hiyo ndiyo shikamoo ya watoto kwa wakubwa kule. Akaitikia huku macho yameng'aa.

Nikageuza simu kwa mama. "Anyám boldog." Mama yangu ana furaha.

Wakuu, mama alivyoiona kamera akakauka. Uso kama yupo msibani. Ilona néni akamwangalia, akasema polepole, "Boldog?"

Nikamnong'oneza, "Mama, cheka kidogo."

"Nicheke nini mbele ya mgeni?"

Nikahamia kwa bibi, ndiyo kabisa. Baba naye akafunga kifungo cha koti. Kila ninayesema ana furaha anaonekana kama amenyang'anywa shamba. Nikataka kukata simu nisingizie mtandao.

Halafu nikawaza, mama huwa anafanya nini akiwa na furaha? Huwa anaimba. Joas alipokuwa hospitali, mama alilima kimya, na sisi tukapalilia kimya.

Nikaunga maneno yangu machache, sijui kama yalikaa sawa:

"Joas beteg, anyám nem énekel. Most Joas jól van. Anyám énekel."

Joas mgonjwa, mama yangu haimbi. Sasa Joas mzima. Mama yangu anaimba.

Joas akainamisha kichwa, hili hakuwa analijua. Halafu Ilona néni akaongea kwa haraka, sikuambulia hata neno.

Joas akatafsiri, "Anauliza, anaimba nini?"

Mama akatazama pembeni, kwenye migomba, akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Bibi akapiga makofi, baba akaitikia. Ubeti wa pili mama alishasahau kamera, uso ukafunguka wote.

Ilona néni akainuka, tukabaki tunaangalia kiti kitupu. Aliporudi alikuwa amejitanda kile kitenge mabegani, analia na kucheka pamoja.

Bibi akasogea kwenye simu. "Mbona kajitanda vibaya hivyo? Mwambieni akivute mbele."

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Alikuwa anasema asante, asante, na ilipokelewa.

Nilichojifunza: ukitaka kujua kama mtu ana furaha usiishie usoni, uliza siku hizi anafanya nini. Na namshukuru Mungu kwamba maneno machache ya mtu mwenye aibu kama mimi yalitosha kumfikishia mama shukrani yake.

Jana mama kaniuliza "mwanetu" kwa Kihungari wanasemaje. Nikamwambia fiunk. Amelirudia siku nzima akipika, anataka simu ijayo amwambie Ilona néni yeye mwenyewe kwamba Joas ni mtoto wao wote wawili.

Wenye kukijua Kihungari nirekebisheni taratibu, msinicheke sana. Na wengine, nyumbani kwenu mtajuaje kama mama ana furaha?