Fundi Saa Anayefuata Nyota kwa Jicho Moja

Saa mbili usiku, Februari 1996. Soweto Magharibi, Kibera, stima imepotea na watu wananung'unika. Dalmas Ouma, fundi saa mwenye kibanda Kawangware, anafurahi peke yake. Giza ndilo analolitaka.

Kwenye ngazi ya saruji ya kanisa ameweka mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Juu yake zimekaa kamera kuukuu na darubini ndogo. Mota aliyoing'oa kwenye redio kaseti inainua ubao polepole, ili kamera ifuate nyota kwa dakika kumi za kupiga picha moja.

“Mota haina macho,” anasema. “Ikichelewa kidogo tu, nyota zinatoka kama minyoo. Lazima mtu achungulie, arekebishe.”

Na macho ndiyo yanayomwishia. Presha ya macho ilichukua la kulia mwaka jana. La kushoto, daktari anasema limebakiza miezi tu. Inauma kumwona akilikodoa kwenye darubini huku machozi yakimtoka.

Miaka miwili ya macho mazima aliipoteza bure. Jarida la Uingereza alilookota sokoni Gikomba lilisema bawaba ielekezwe kwenye nyota ya kaskazini, juu angani. Akatii.

“Hiyo nyota hapa kwetu haionekani!” anasema kwa uchungu. “Kumbe Nairobi, jirani na ikweta, bawaba unailaza, karibu ilingane na ardhi. Nani angeniambia?”

Ng'ambo kuna mashine inayochungulia yenyewe. Dalmas hupata shilingi 150 siku ikiwa nzuri. Filamu moja tu inammalizia mapato ya siku hiyo na zaidi. Mashine hiyo haiwazii tena.

Dakika ya saba ya picha ya leo, treni ya mizigo inapita na ngazi inatetemeka. Picha imeharibika. Anaifunga kamera, anakaa chini.

Mkewe Seline, fundi cherehani, amekuwa akimshikia tochi. “Sogea, Baba Hope,” anasema. “Nimeshona kola miaka ishirini. Mimi laini ya uzi haiwezi kunipotea.”

Basi wamepanga. Jumamosi, treni ikishapita, Seline atachungulia na Dalmas atashika saa kuhesabu dakika. Filamu ikijaa na picha kusafishwa, huenda Dalmas asiweze tena kuiona.

“Utaniambia kama nyota zimekaa doti ama zimevutika kama minyoo,” anamwambia mkewe.

“Nitakuambia.”

“Hata kama ni mbaya?”

Seline anazima tochi.

“Hata kama ni mbaya. Siwezi kukudanganya na kitu unapenda hivyo.”