Kijiti cha Mzungu

Pale Mnyambe, kijiji cha ujamaa, akina mama hushuka bondeni kabla ya jua na kurudi na ndoo moja kichwani. Basi bwana maji wa wilaya akaleta mtaalamu kutoka Ulaya aonyeshe pa kuchimba kisima. Sote tulingoja mashine. Mzungu akakata kijiti chenye panda kwenye mkorosho, akakishika kwa mikono miwili, akatembea macho kayafumba. Kijiti kikainama; akasema maji yapo hapo chini.

Bwana maji akavua kofia! Huyu huyu, majuzi tu, alimfukuza mganga aliyetafuta maji kwa usinga, eti ushirikina unachelewesha taifa.

“Na hicho ni nini, bwana maji?” mama mmoja akauliza.

“Sayansi, mama.”

Jana nilirudi. Shimo refu, mchanga mkavu.

“Msivunjike moyo,” bwana maji alituambia. “Huu ni utafiti.”

Nimeelimika. Usinga wa Mnyambe ukikosea ni ushirikina. Kijiti cha Mzungu kikikosea ni utafiti.

Yule mama alijitwika ndoo. “Haya, bwana maji, huo utafiti nao ubebe ndoo, tushuke wote.”